Nyumba ya Watoto Wanne

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda sokoni kufungia ndagala, dagaa wa ziwani, kabla hujalisoma, usijali, nakupa mwanzo wake upesi upesi. Mume wangu Casimir, karani wa ofisi moja ya serikali, alihamishwa kutoka Kongolo kuja hapa Kalemie. Walimpandisha cheo, mshahara wakauacha pale pale. Tuliuza vitanda, mbuzi na cherehani yangu ili tupate nauli. Yeye akatangulia, kisha mimi Domitille nikamfuata na watoto wanne.

Ninao watoto watano. Ndipo niliponyamaza wiki iliyopita, na wengi wenu mkatuma maneno gazetini kuuliza huyo wa tano yuko wapi.

Nitajibu leo. Mkitaka kunitukana, subirini hadi mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nimejitukana hadi maneno yamekwisha.

Casimir alinipigia simu nikiwa bado Kongolo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezunguka juani siku nzima.

"Domi, hapa hakuna muntu anapangisha nyumba kwa watoto watano. Nimeuliza kila pahali. Wane, njo mwisho. Uache mumoja kwa kambo yao, kwa mama yako."

Wakubwa watatu, Ketsia, Rubens na Willy, walikuwa masomoni, na karo yao mama yangu hangeiweza. Wakabaki wadogo wawili, Mbuyu na Kabange. Kwetu majina hayo hayahitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa mbali nasema: ni majina ya mapasa. Walizaliwa siku moja, Mbuyu mvulana mbele, Kabange msichana nyuma.

Mama yangu aliweka chini kibuyu chake cha mawese, akanitazama.

"Uniachie wote wawili, ao uende na wote wawili. Mapasa hawatenganishwe."

"Mama, Kabange ana kifua, lazima awe karibu nami. Na wewe mguu wako huo, utakimbizana na watoto wawili? Ni miezi michache tu."

"Miye nimekuambia," akasema, akaendelea kupima mafuta yake.

Sikumsikiliza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili.

Kule Kongolo tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, saluni ya kupokelea wageni, jiko la nje na uwanja niliolima sombe, yaani kisamvu, na nyanya. Kodi ilikuwa dola kumi na tano. Mwezi ukiwa mbaya, mwenye nyumba alipokea bidoni, dumu moja la mawese, na kushukuru. Neno garanti hatukulijua. Garanti yetu ilikuwa kwamba mzee yule alimfahamu baba yangu.

Hapa Kalemie mtu anataka garanti, kodi ya miezi sita mkononi kabla hajakuonyesha mlango unavyofunguka. Anaitaka kwa dola, na dola zenyewe zisiwe na mkunjo. Juu ya hayo kuna komisioneri, yule anayekutembeza kutoka nyumba hadi nyumba, naye anadai kodi ya mwezi mzima. Wetu aliitwa Wilfried, kijana wa viatu vilivyochongoka na ulimi laini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na ziwa, na bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Nikashangilia. Kisha nikaona ukutani mstari wa matope uliozunguka chumba chote, usawa wa goti langu.

"Hii nini?"

"Ni rangi, mama."

"Rangi gani yenye magamba ya samaki?"

Wilfried akakohoa. "Ziwa lilipanda kidogo. Sasa limeshuka."

"Litarudi lini?"

"Ile njo muulize ziwa, mama."

Nyumba ya pili ilikuwa mlimani. Upepo mzuri, maji ya bomba, vioo madirishani. Wilfried alisema alikaa hapo mgeni mmoja wa ONG, shirika la misaada, pamoja na mbwa wake, ndiyo maana bei ilikuwa vile. Alipotaja bei Casimir alicheka, akafikiri ni ya mwaka. Ilikuwa ya mwezi. Nikaona chumba kidogo uani, kina sakafu ya simenti na taa.

"Na hiki?"

"Hapa njo mbwa alikuwa analala."

"Hiki peke yake hawawezi kutupangishia?"

Wilfried akacheka hadi akajishika mbavu. Mimi sikuwa natania.

Tulikuwa tumelala majuma kadhaa kwenye chumba cha kuazima, watu sita mkeka mmoja, na aliyetuazima alikuwa ameanza kupika bila kutukaribisha. Casimir alikonda. Ketsia, binti yangu mkubwa, alikwenda kunawa ziwani ili wenzake wa darasa wasione anapotoka. Hali ilikuwa hivyo tulipofika nyumba ya tatu, kwa Mama Odile.

Mama Odile ni mjane, mzaliwa wa pande za Baraka. Anauza ndagala kwa magunia, na marehemu mume wake alikuwa Muluba kama sisi, mfanyakazi wa reli. Nyumba yake ndogo ya kupangisha iko ndani ya parsele yake, kiwanja kimoja na anapoishi yeye: vyumba viwili, saluni, bati jipya, choo tunachangia naye. Dola themanini. Mara tano ya Kongolo na zaidi, lakini ukilinganisha na chumba cha mbwa, ilikuwa zawadi.

Shida ni kwamba hatukuwa peke yetu. Binti mmoja wa ONG, hana mume wala mtoto, alikuwa amesimama dirishani akipima kwa mikono upana wa pazia.

Mama Odile alitukalisha kwenye benchi. "Watoto wangapi?"

"Wane," Casimir akajibu upesi.

"Wane ya kweli? Juu ile familia ilitoka hapa ilisema watatu, kiisha ikakuwa tisa. Shimo ya choo ilijaa mbele ya mwaka kuisha. Miye sipende muntu wa kunidanganya. Anidanganye watoto, kesho atanidanganya kodi."

"Wane, mama," nikasema na mimi. "Hawa hapa."

Akawauliza majina mmoja mmoja. Ketsia. Rubens. Willy. Alipofika kwa mdogo, mtoto akajibu mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili, kwa sauti ya shule:

"Kabange!"

Sasa hebu niambieni ni wapumbavu gani wa duniani wanaoweza kumficha mtoto mmoja na kuja na mwenzake mwenye jina lile. Tulipanga kila kitu. Tuliwafundisha watoto wasitaje Kongolo sana, wasihesabu kwa sauti. Jina hatukulifikiria, kwa kuwa tumeliita kila siku hadi tukasahau linasema nini.

Uso wa Mama Odile ukafunguka. Aliingia ndani, akatoka na mandazi mawili, akaweka moja katika kila kiganja cha mtoto.

"Moja yako, moja ya Mbuyu. Mume wangu alinifundisha: usipane pasa moja kitu, ule mwingine atakasirika." Akatazama huku na huku. "Na Mbuyu yuko wapi?"

Casimir akatazama viatu vyake. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba akitazama viatu, mzigo amekuachia wewe.

Kama ningesema yuko Kongolo, hapo hapo tungekuwa watano, tena waongo, tena wazazi waliotenganisha mapasa. Yule binti wa ONG alikuwa amemaliza dirisha la kwanza, anakwenda la pili. Nikamwona Ketsia akinitazama, miguu yake ina vumbi la njia ya ziwani.

"Alikufa," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, laini, kana kwamba nilikuwa nimelilalia. Mama Odile akaweka mkono kifuani. Hakupiga kelele, alinishika tu bega.

"Pole, mama. Pole sana." Kisha akageuka dirishani. "Binti, nyumba imekwisha kupata watu."

"Lakini mama, mimi nalipa yote leo!"

"Nimesema imepata watu." Akaturudia sisi. "Garanti, mutaleta nusu. Ile nusu ingine tutaona mbele. Mama wa mapasa mwenye kufiwa, miye simurudishe njiani. Mungu angeniuliza."

Tukapewa ufunguo. Nje ya mlango Wilfried akaninong'oneza, "Mama, ile ya kifo ilikuwa muzuri sana! Hata miye niliamini." Nilitaka kumvua kiatu chake kimoja nimpige nacho.

Nilipogeuka, nikamwona Kabange. Alikuwa amesimama pale pale, andazi kila mkono, hajala hata moja. Alikuwa ananiangalia mimi.

*

Tulihamia siku ile ile, Mama Odile akatuazima vitanda viwili. Watoto wakubwa walilala wamenyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu tufike Kalemie, na Casimir akaimba akichota maji. Nilijiambia kuwa mambo yatanyooka. Tukishazoeleka, nitamwambia Mama Odile ukweli kidogo kidogo, atacheka.

Kabange aliyaweka mandazi yake mawili dirishani. Yakakauka, sisimizi wakayapata. Nikipakua ugali, anaugawa sehemu mbili. Moja anaisogeza pembeni ya sahani. Ile nyingine haigusi.

Nikamvuta nyuma ya jiko, nikamnong'oneza sikioni.

"Kabange, sikiliza mama. Mbuyu hakufa. Yuko kwa kambo. Nilisema vile juu ya nyumba tu, tusiikose."

"Ulimudanganya Mama Odile?"

"Ndiyo. Lakini usimuambie muntu."

Akafikiri. Mtoto wa miaka saba akifikiri, unaona kichwa chote kinafanya kazi.

"Kwa Mama Odile ulisema kwa sauti," akaniambia. "Kwangu unasema kidogo-kidogo. Uongo njo upi, mama?"

Nikachukua simu nimpigie mama yangu, mtoto asikie sauti ya pacha wake mwenyewe. Simu ikakataa. Nikajaribu kesho yake, ikakataa. Watu wa sokoni wakaniambia radi imepiga antena ya Kongolo, mji mzima hausemi.

Casimir akaniambia chumbani, "Tumuambie mama wa nyumba ukweli."

"Nenda, mlango huo hapo. Kiisha tutalala kwenye biro yako, ofisini?"

Akakaa kitandani. "Tumalize mwezi huu kwanza," akasema. Namhesabia hilo: angalau yeye alilitaja neno ukweli. Mimi nililifukuza.

Wiki ile Floribert akaja kutusalimu. Floribert ni mtoto wa pekee wa Mama Odile, dereva wa lori jekundu linalokwenda Kongolo kuchukua mawese. Kijana mpole. Aliwapandisha watoto wangu mbele ya lori, wakapiga honi hadi majirani wakalalamika. Mama Odile akanipa pole moja zaidi, tena ya wema:

"Floribert anaenda Kongolo. Tuma kitu kwa mama yako."

Ni binti gani atakataa kumtumia mama yake kitu? Mama Odile mwenyewe alipima ndagala, akafunga furushi, hakutaka hata franga. Nilimpa Floribert maelezo.

"Anauza mawese sokoni. Umuachie pale pale tu, usijisumbue kufika nyumbani."

Akacheka. "Haiwezekane, mama. Nitamuona kambo mupaka nyumbani kwake. Sasa tuko nyumba moja."

Lori likaondoka. Na mimi nikajua kitakachofuata: atafika kwa mama yangu, na kwenye kizingiti atamkuta mtoto mwenye uso wa Kabange anachezea vifuniko vya bidoni. Atarudi na habari ile kwa mama yake, na sisi tutarudi kwenye mkeka wa kuazima.

Basi nikaanza kuomba. Nilipiga magoti kila asubuhi, nikaomba lori la Floribert lichelewe. Mvua zikaanza kunyesha kwa nguvu, nikashukuru. Wenzangu waliomba chakula na afya, mimi niliomba matope barabarani.

Na mvua haikukosa hata siku moja.

*

Kabange akalala chini. Homa ikaja na kuondoka, kifua kikaanza kupiga filimbi. Dispanseri walipima malaria, hawakuona kitu. Muuguzi akanivuta pembeni.

"Mama, mutoto hana kitu ndani ya damu. Kuko jambo nyumbani?"

"Hakuna," nikasema. Kwa wakati ule nilikuwa nimezoea.

Mama Odile ndiye aliyemletea uji, kila mara vikombe viwili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwangalia mtoto, akaniita nje.

"Domitille, Mbuyu anamuita mwenzake. Mulimufanyia nini ule mutoto? Mulimuzika, mukafunga mizigo, mukakuja. Hata sala hakuna."

"Mama, hatukuwa na uwezo."

"Miye niko nao. Siku ya Mungu, nyuma ya misa kuisha, nitaita watu wa shirika. Tutamuombea hapa, mbele ya mulango. Akiombewa, atamuachilia dada yake."

Watu wa shirika ni jumuiya yetu ya mtaa, wale wanaosali nyumba kwa nyumba. Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, "Aksanti, mama."

Siku ya Mungu, Jumapili, ikafika. Walikuja wanawake wengi kuliko nilivyotegemea, vitenge vya kanisani, sauti za kuimba. Mama Odile alipika wali kwa fedha yake. Akawasha mishumaa miwili juu ya kiti, mmoja wa mfu, mmoja wa mzima. Kisha kwa mikono yake mwenyewe akatandika mkeka katikati ya uwanja, kwa sababu mama mfiwa hukaa chini.

"Ikaa hapa, mama. Leo ulie. Hatujakuona ukilia hata siku moja." Akashusha pumzi. "Hata Floribert wangu angekuwa hapa, angenisaidia kupanga viti. Mvua imemukamata njiani."

Nikakaa. Wakaimba. Casimir alisimama ukutani na kofia mkononi. Ndani, kupitia dirisha, nilisikia kifua cha Kabange.

Simu ikatetemeka ndani ya kitenge changu. Namba ya Kongolo. Niliinuka, nikaenda nyuma ya jiko. Wanawake walidhani ninakwenda kulia.

"Domi!" Ilikuwa sauti ya mama yangu. "Antena imepona leo. Mbuyu alifika muzuri?"

"Alifika wapi?"

"Kwako! Nilimupa ule dereva, mutoto wa mama wa nyumba yenu. Mbuyu alikataa kula tangu mulienda, anasema Kabange anagonjwa. Ule kijana alipomuona alishituka sana, akarudi nyuma, kama ameona muntu wa kaburini. Kiisha akacheka, akasema: 'Kambo, huyu nitamupeleka mwenyewe. Mama yangu nitasema naye miye.' Akamukalisha mbele, karibu yake."

Nilishika ukuta wa jiko. Kwa hiyo alijua. Alijua nilimdanganya mama yake, na bado alikuwa ananiletea mtoto wangu.

"Mama, hawajafika."

Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akipita na redio.

"Domi," akasema mwishowe, "kuko watu wa lori ingine walifika hapa jana. Wanasema ng'ambo ya Nyunzu, njia ya kuja kwako, kwenye daraja ya miti, kamio moja nyekundu imelala ndani ya maji. Bidoni zinaelea. Muntu hawakuona. Niliwaambia haiko ile. Niambie haiko ile, Domi."

Nikakata simu. Sikumuaga mama yangu, na hadi leo sijui kwa nini.

Niliomba matope, nikapewa.

Nilirudi uwanjani nikitembea kama mtu wa kawaida. Casimir akaona uso wangu, akanijia. Nikamweleza sikioni. Akajishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Ngoja watu waende," akasema, machozi yanamtoka. "Tutamuambia Mama Odile peke yake. Si mbele ya shirika lote, Domi. Watatufukuza leo leo."

"Mutoto wetu yuko ndani ya maji, Casimir."

"Hatujui. Tungoje kidogo tu."

"Nimengoja sana," nikasema, nikaingia katikati ya wimbo.

Sikukaa kwenye mkeka. Niliinama, nikazima mishumaa kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Wimbo ukakatika.

"Mbuyu hakufa," nikasema. Niliona sauti ni ndogo, nikaipandisha hadi ikakwaruza koo. "Mbuyu hakufa! Mwanangu ni mzima, nilimwacha Kongolo kwa mama yangu. Niliwadanganya. Tulikuwa na watoto watano, mimi nikasema wanne ili tupate nyumba. Mama Odile aliponiuliza wa tano, nikamuua kwa mdomo wangu. Hakuna kaburi. Hakuna matanga. Ni mimi."

Mama mmoja akasema, "Yesu, Maria!" Mwingine alivuta watoto wake karibu. Kuku wa jirani walikuwa wanadonoa wali ulioanguka, hakuna aliyewafukuza.

Mama Odile alibaki amesimama na sahani mkononi.

"Ulimuzika mutoto wako muzima juu ya kupata nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na miye nikakutandikia mukeka."

"Ndiyo, mama."

Akaweka sahani chini polepole. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Kesho unatoka kwangu."

"Nitatoka, mama. Hata leo. Lakini kwanza nawaomba nyote, kama kuna mwenye pikipiki, kama kuna anayemjua mtu Nyunzu, anisaidie. Mtoto alipanda gari kuja huku na gari halijafika."

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa Kabange, amejifunga kitenge changu, ameshikilia ukuta. Tangu juma lile alipolala hakuwa amesimama. Watu wakampisha. Alinijia akashika kidole changu, na uso wake ulikuwa na nuru niliyokuwa nimeisahau.

"Leo umesema kwa sauti," akaniambia. "Mbuyu ni muzima." Kisha akageuka kwa Mama Odile, mbele ya watu wote. "Mama Odile, niko na njaa. Unipe wali. Na ya Mbuyu uweke, anakuja."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama mmoja akaanza kulia. Mama Odile akachota wali, sahani mbili, kwa mkono uliozoea. Akampa mtoto ya kwanza. Ya pili akabaki nayo.

"Umesema alipanda gari," akaniambia, bila kuniangalia. "Gari ya nani?"

Casimir alitikisa kichwa kule ukutani: hapana, usiseme. Kabange alikuwa anakula kwa mikono yote miwili.

"Domitille, nakuuliza. Gari ya nani?"

"Ya Floribert, mama. Kuna lori jekundu ndani ya maji, ng'ambo ya Nyunzu."

Alitazama barabara, akanitazama mimi, kisha akakaa chini, sahani bado mkononi, juu ya mkeka ule ule alionitandikia.